Sodiamu iodidi, lanthanamu bromidi au plastiki: kuchagua sintileta ya kupimia isotopu adimu

Mwaka 2012 watafiti wa maabara ya GSI huko Darmstadt, Ujerumani, walitangaza matokeo ya kuoza kwa bati-100, kiini chenye protoni 50 na nyutroni 50 ambacho nusu-maisha yake (muda wa nusu ya viini kuoza) ni zaidi kidogo ya sekunde moja. Waligongesha mkondo wa viini vya zenoni-124 kwenye bamba la berili, wakachuja vilivyotoka, na mwisho wa kazi wakabaki na viini 259 vya bati-100. Ni idadi unayoweza kuihesabu kama shanga.

Namba hiyo ndiyo nitakayoitumia kupimia vigunduzi hapa. Mtu akikuuliza kigunduzi kipi ni bora, mrudishie swali: viini 259 vikiozea mbele yake, kitatuachia nini mkononi? Nimeona wanafunzi wakichagua kwa kutazama safu moja tu ya jedwali, ile ya ukali wa nishati, yaani uwezo wa kutenganisha nishati mbili zinazokaribiana, kisha wakaenda na kifaa kizuri kisichojibu swali lao.

Kwa asiyeizoea kazi hii, sintileta ni dutu inayotoa mwanga hafifu mionzi ikiipiga. Nishati ikiwa nyingi, mwanga nao huwa mwingi. Kihisi cha mwanga huugeuza kuwa mpwito wa umeme, na kompyuta huandika ukubwa wa mpwito huo na saa uliyofika. Sintileta hutofautiana kwa mambo manne: zinanasa mionzi kiasi gani, zinatoa mwanga kiasi gani, mwanga huo unafifia haraka kiasi gani, na dutu yenyewe ina mionzi yake kiasi gani. Hilo la nne husahaulika, nami nitalirudia kwa urefu. Katika jedwali, keV na MeV ni vipimo vya nishati (MeV 1 ni keV 1,000), nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde, na keV 662 ni nishati ya gama ya siziamu-137, chanzo cha kawaida cha majaribio. Gama ni mwale ambao kiini hutoa kinaposhuka kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine.

| Sintileta | Gramu kwa sm³ | Fotoni kwa MeV 1 | Mwanga kufifia (nanosekunde) | Upana wa kilele cha keV 662 |
|---|---|---|---|---|
| Sodiamu iodidi yenye thaliamu | 3.67 | karibu 38,000 | karibu 250 | asilimia 7 hivi |
| Siziamu iodidi yenye thaliamu | 4.51 | karibu 54,000 | karibu 1,000 | asilimia 6 hadi 7 |
| Lanthanamu bromidi yenye seriamu | 5.08 | karibu 63,000 | 16 | asilimia 3 hivi |
| Seriamu bromidi | 5.1 | karibu 60,000 | karibu 20 | asilimia 4 hivi |
| BGO (bismuthi jemanati) | 7.13 | 8,000 hadi 10,000 | 300 | zaidi ya asilimia 10 |
| Plastiki | 1.02 | karibu 10,000 | karibu 2 | hakuna kilele |

Kilele ni nundu ambayo gama za nishati moja hujenga kwenye grafu. Katika safu ya mwisho, asilimia ndogo ndiyo ukali mkubwa.

Kwanza, kwa nini usitumie jemaniamu tu?

Swali hili ni la haki. Jemaniamu safi, kigunduzi kisicho sintileta kinachopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, huonyesha gama ya keV 1332 kwa kilele chenye upana wa keV 2 hivi. Sodiamu iodidi, kwenye keV 662 tu, tayari ina upana wa keV 46. Kwa ukali hakuna sintileta inayoikaribia jemaniamu, na maabara zote kubwa za isotopu adimu zinayo.

Lakini rudi kwa viini vyetu 259. Tuseme safu yako ya jemaniamu inanasa gama ya MeV 1 kwa asilimia 10, na kila kiini kinatoa gama hiyo. Utapata mapigo 26, nayo yanatosha kuonyesha kilele. Sasa unataka kujua kama gama mbili zinafuatana katika mfululizo mmoja wa kushuka, kwa hiyo unahitaji zote mbili zinaswe pamoja: asilimia 10 ya asilimia 10 ni asilimia 1. Umebaki na matukio mawili au matatu. Gama zikiwa nne mfululizo, hutaziona zote pamoja hata mara moja. Isotopu adimu humwadhibu hivyo mtu anayetegemea ukali peke yake, na hapo ndipo sintileta zinapopata nafasi.

Sodiamu iodidi: mzee anayestahili heshima

Robert Hofstadter aliionyesha dunia sodiamu iodidi yenye thaliamu mwaka 1948. Leo wengi huiona kama kifaa cha kufundishia tu, na hapo sikubaliani nao. Kwa swali moja kubwa la fizikia ya kuoza, bado ninaiweka mbele ya zote.

Swali lenyewe ni hili: kiini mama kikioza kwa beta (yaani kwa kurusha elektroni au positroni), kinaangukia ngazi ipi ya nishati ya kiini mtoto, na kwa asilimia ngapi? Kwa jemaniamu unajibu kwa kuhesabu gama zinazoingia na zinazotoka kila ngazi. Kasoro ni kwamba ngazi za juu huwa nyingi sana, na kila moja hutoa gama dhaifu zenye nishati kubwa ambazo jemaniamu hazinasi. Usipoziona gama hizo, utadhani beta iliangukia ngazi ya chini moja kwa moja. Mwaka 1977 Hardy na wenzake walitunga kwenye kompyuta kiini cha kubuni, wakakiita Pandemonium, wakakichambua kwa njia za kawaida, na wakaonyesha jinsi sehemu ya gama inavyopotea bila mchambuzi kushtuka. Kosa hilo linaitwa Pandemonium hadi leo.

Dawa yake ni kuacha kutafuta gama moja moja. Unakizungushia kiini fuwele kubwa pande zote, gama zote za mfululizo mmoja zinanaswa pamoja, na fuwele inakupa jumla yake. Jumla hiyo ndiyo urefu wa ngazi ambayo beta iliiangukia. Kwa kazi hii hauhitaji ukali mkubwa. Unahitaji ujazo, na kwa ujazo hakuna anayeshindana na sodiamu iodidi kwa bei.

Vifaa vya aina hii ni vya kutazamwa kwa mshangao. MTAS, kilichobuniwa Oak Ridge nchini Marekani, kina fuwele 19 za pembesita zenye uzito wa karibu tani moja. SuN cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan ni silinda ya inchi 16 kwa 16 yenye tundu katikati, imegawanywa vipande 8, na hunasa kikamilifu takriban asilimia 85 ya gama za siziamu-137 zinazotolewa katikati yake. Huko CERN, kwenye kituo cha ISOLDE, kuna Lucrecia, fuwele moja yenye kipenyo na urefu wa sentimita 38. Kati ya hizi mimi napenda zaidi zilizogawanywa vipande: jumla ya vipande vyote inakupa ngazi, na kila kipande peke yake kinakuonyesha gama zilizotumika kushukia. Fuwele moja nzima inakupa jumla safi zaidi, lakini inakunyima njia.

Viini 259 ndani ya kifaa kama SuN vinaacha alama karibu vyote. Alama hizo ni pana na hazina uzuri wa machoni, ila zipo.

Jambo hili halikubaki ndani ya maabara. Kinu cha nyuklia kikizimwa, sekunde za kwanza bado kinatoa asilimia 6 hadi 7 ya nguvu yake kutokana na viini vinavyoendelea kuoza, na joto hilo ndilo lililoyeyusha vinu vya Fukushima mwaka 2011 baada ya mfumo wa kupoza kukosa umeme. Hesabu za joto hilo zilikuwa zikitegemea data zilizopimwa kwa jemaniamu. Vipimo vya jumla vilivyofanywa Jyväskylä, Finland, na kuchapishwa mwaka 2010, vilionyesha kwamba kwa isotopu kadhaa za teknetiamu nishati ya gama ilikuwa imepunjwa, na marekebisho hayo yaliziba sehemu kubwa ya tofauti kati ya hesabu na joto la gama lililopimwa kwa plutoniamu-239.

Kasoro zake ni za kweli pia. Iodini hunasa nyutroni na kisha kutoa gama zenye jumla ya karibu MeV 6.8, kwa hiyo kiini kinachotoa nyutroni baada ya beta huchafua picha kwa ngazi ambazo hazipo. Tena sodiamu iodidi hunywa unyevu. Katika maabara moja ya chuo cha pwani niliyowahi kufanyia mazoezi, kulikuwa na fuwele ya inchi 3 iliyokaa miaka mingi kwenye kabati bila kiyoyozi. Tulipoiwasha, kilele cha keV 662 kilikuwa kimelala kama tuta la mchanga. Tulipoitazama kupitia kioo chake ilikuwa imegeuka manjano, na mwanga wake ulikuwa ukimezwa humohumo ndani. Iliniuma, maana hakukuwa na nyingine.

Lanthanamu bromidi: saa bora, na siri yake

Lanthanamu bromidi yenye seriamu iliingia uwanjani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ikabadilisha kazi ya kupima muda. Mwanga wake ni mwingi na unafifia ndani ya nanosekunde 16, kwa hiyo unajua kwa usahihi mkubwa gama ilifika lini. Ngazi za nishati ndani ya kiini nazo zina nusu-maisha zao, nyingine za pikosekunde (sehemu ya elfu ya nanosekunde) tu. Ukianzisha saa kwa beta kwenye plastiki nyembamba na kuisimamisha kwa gama kwenye lanthanamu bromidi, unaweza kupima ngazi zinazodumu hadi pikosekunde 10 hivi. Muda huo unakuambia umbo la kiini: cha mviringo, au kilichorefuka kama yai. Zamani kazi hii ilifanywa kwa bariamu floridi, ambayo sehemu yake ya haraka hufifia kwa chini ya nanosekunde moja, lakini ukali wake wa nishati ulikuwa mbaya kiasi cha kuchanganya gama jirani.

Safu ya vigunduzi ya GRIFFIN katika maabara ya TRIUMF, Vancouver, Kanada, huweka lanthanamu bromidi 8 kati ya jemaniamu zake 16. Safu ya FATIMA iliyotengenezwa kwa ajili ya GSI ina 36 za inchi 1.5 kwa 2. Fuwele kubwa za inchi 3.5 kwa 8 zipo Oslo, 30 kwa idadi, na Afrika tunazo katika safu ya ALBA ya maabara ya iThemba LABS, Cape Town. Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayetaka kuzishika kwa mikono yake, Cape Town ni karibu kuliko Ulaya.

Siri yenyewe sasa. Lanthanamu ya asili ina asilimia 0.09 hivi ya lanthanamu-138, yenye nusu-maisha ya miaka bilioni 100 na ushei. Kila sentimita ya ujazo ya fuwele huoza karibu mara 1.5 kwa sekunde. Fuwele ya FATIMA yenye sentimita za ujazo 58 hujipiga yenyewe mara 85 hivi kila sekunde, na ile ya inchi 3.5 kwa 8 karibu mara 1,900. Baya zaidi, gama yake ya keV 1436 hujumlika na eksirei ya bariamu ya keV 30 na kitu, ikakaa juu kabisa ya mstari wa potasiamu-40 wa keV 1461 ambao wengi huutumia kusawazishia vifaa. Anayeanza hudhani anaona potasiamu ya ukuta, kumbe anaiona fuwele yenyewe.

Je, hilo linaua kipimo? Hesabu ndiyo inayojibu. Ukikubali gama zile tu zinazofika ndani ya nanosekunde 100 baada ya beta, hata fuwele kubwa itakupa mapigo ya uongo mawili katika kila beta 10,000. Kwa beta 259 ni kama sifuri. Lakini kama huna beta ya kufungulia mlango, na unasubiri sekunde nzima baada ya kiini kutua, fuwele hiyohiyo itamwaga mapigo 1,900 juu ya gama yako moja. Fuwele ni ileile na bei ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza.

Tena usitegemee kupima pikosekunde kwa viini 259. Tuseme lanthanamu bromidi zako zote zinanasa asilimia 1 ya gama za MeV 1. Utapata matukio mawili au matatu. Mbinu ya kuanzisha na kusimamisha saa kwa lanthanamu bromidi mbili inahitaji makumi ya maelfu ya viini kabla hujaona chochote. Kwa isotopu adimu za kweli, hiki ni kifaa cha kuja baadaye, mkondo ukishaongezeka nguvu.

Seriamu bromidi ni ndugu yake asiye na lanthanamu. Unapoteza ukali kidogo na unaondokana na lanthanamu-138. Kwa viini vya nusu-maisha ndefu, au chanzo dhaifu kinachokaa mbele ya fuwele siku nzima, mimi ningechukua seriamu bromidi bila kusita.

Plastiki: haioni rangi, inaona wakati

Plastiki imeundwa kwa kaboni na haidrojeni, atomi nyepesi mno kunasa gama nzima, ndiyo maana jedwali halina kilele chake. Lakini beta ikipita kwenye bamba la milimita moja au mbili, mwanga wake umeshakwisha kabla nanosekunde 10 hazijapita. GRIFFIN hutumia vipande 20 vya unene wa milimita 1.6 kukizunguka chanzo. Kama swali lako ni nusu-maisha tu, kwa maana ya muda kati ya kiini kutua na beta kutoka, plastiki na kihisi cha kutulia (kile ambacho kiini hutua ndani yake) vinatosha, na viini 259 vinakupa jibu la kuaminika.

Ubingwa wake mwingine ni nyutroni. Viini vyenye nyutroni nyingi kupita kiasi mara nyingi hutoa nyutroni baada ya beta, na nishati yake hupimwa kwa muda wa kusafiri. Nyutroni ya MeV 1 hutumia nanosekunde 72 kwenda mita moja, wakati gama hutumia 3.3, kwa hiyo saa pekee inazitenganisha. Hapa kuna jambo linalopitwa na wengi. Saa ikikosea nanosekunde 1, nishati inakosewa kwa asilimia 3 hivi. Bamba likiwa nene sentimita 3, na hujui nyutroni iligonga wapi ndani yake, kosa linafika asilimia 6. Unene hukuumiza kuliko saa. Ndiyo sababu safu ya zamani ya kupimia nyutroni, VANDLE, ilitumia fito za plastiki, na mrithi wake NEXT amekatwa vipande vidogovidogo ili kujua mahali pa mgongano.

Sintileta za kimiminika zina sifa ya kutofautisha nyutroni na gama kwa umbo la mpwito. Ni nzuri, ila zile za kizazi cha NE-213 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi 26 za Selsiasi, joto la kawaida kabisa la Dar es Salaam au Mombasa. EJ-309, ambayo kiwango chake ni nyuzi 144, ni salama zaidi kwa mazingira yetu, na siku hizi zipo plastiki zinazofanya kazi hiyohiyo.

Na kihisi cha kutulia chenyewe? Kwa miaka mingi kimekuwa silikoni. Kwenye maabara ya RIKEN nchini Japani, na baadaye kwenye kituo cha isotopu adimu cha FRIB huko East Lansing, Marekani, wameanza kutumia yitriamu silikati iliyokatwa vipande. Ni nzito kuliko plastiki, haraka kuliko silikoni, na ina bahati moja: kiini kizito kinapotua kwa nishati ya GeV nzima (MeV 1,000) hutoa mwanga mchache kuliko ambao elektroni ya nishati ileile ingetoa, hivyo kifaa kimoja kinaweza kusoma mgongano ule mkubwa na beta ndogo inayofuata. FRIB ilifunguliwa Mei 2022, na jaribio lake la kwanza lilikuwa la kuoza: nusu-maisha za isotopu adimu za magnesi, alumini, silikoni na fosforasi.

BGO na siziamu iodidi nitazitaja kwa ufupi. BGO ni nzito ajabu na mwanga wake ni haba. Kazi yake ya kweli ni kuizunguka jemaniamu na kukamata gama zilizotoroka. Siziamu iodidi inaendana vizuri na vihisi vya silikoni, lakini kwa mikrosekunde moja ni ya polepole mno kwa kazi nyingi tulizozitaja.

Mimi ningechagua hivi

Ukiwa unajiunga na jaribio ambalo kiini hakijawahi kupimwa na mkondo utakupa mamia tu, weka nguvu kwenye plastiki au yitriamu silikati kwa nusu-maisha, na omba nafasi ndani ya kifaa cha sodiamu iodidi kwa ngazi. Nyutroni zikitarajiwa, zipime kwa kituo tofauti. FRIB hufanya hivyo, jemaniamu na vigunduzi vya nyutroni mahali pamoja, MTAS mahali pengine, mkondo ukihamishwa. Lanthanamu bromidi iongezwe viini vikifika makumi ya maelfu.

Ukiwa chuoni na fedha za fuwele moja, nunua sodiamu iodidi ya inchi 3 kwa 3. Itakufundisha kila kitu unachokutana nacho baadaye ndani ya tani moja ya MTAS. Usiipeleke ghafla kutoka chumba cha baridi hadi juani, maana hupasuka. Siku ya kwanza ikifika, weka chanzo cha siziamu-137 mbele yake, pima upana wa kilele cha keV 662, uandike daftarini pamoja na tarehe, volti na joto la chumba. Rudia kila mwezi kwa volti ileile. Asilimia 7 ikianza kusogea kuelekea 8, kagua kwanza volti, kihisi na mguso kati ya kihisi na fuwele. Hivyo vikiwa sawa, unyevu umeanza kuingia, na bado una muda wa kuirudisha kwa fundi ifungwe upya kabla haijageuka manjano.